Risasi za Mzee Orville

Renae Hegstad alisoma bei iliyobandikwa kwenye rafu, akaisoma tena, akadhani macho yanamchezea.

"Milo," aliita kwa sauti ndogo, kwani hakuwa mtu wa kupaza sauti mbele za watu. "Hii dola kumi na tisa ni ya boksi moja kweli?"

"Boksi moja, risasi ishirini." Milo, mwenye duka la vyakula vya mifugo, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye gunia alilokuwa akilifunga. "Na usinitazame hivyo, binti. Bei siipangi mimi. Mwezi ujao utaikumbuka hii kwa machozi."

Bunduki yenyewe ilikuwa na siku nne tu nyumbani. Aliinunua baada ya mbweha kumaliza wanakondoo kumi na mmoja katika majuma mawili, huku ile bunduki ya zamani ya kukoki kwa mkono ikimpa nafasi ya risasi moja tu kabla kundi zima halijatokomea bondeni. Hii mpya ilijikoki yenyewe: ukivuta triga inapiga, inatema ganda, inajipakia nyingine. Ila hakuna aliyemwonya kwamba bunduki ya namna hiyo inakula kama nguruwe.

"Ziko hizi za ganda la chuma," Milo alisema, akamwonyesha rafu ya chini. "Zinatoka ng'ambo. Nusu bei. Wapo wanaoziapia, na wapo wasiotaka hata kuziona. Yako itazipenda au itazikataa, hujui mpaka ujaribu. Chukua boksi moja la chuma, moja la shaba, kapige zote, iache bunduki ikuchagulie yenyewe. Ila baba yako akijua umenunua risasi dukani, mimi simo, sijakuona."

Mzee Orville alijua kabla hata mfuko haujatua mezani.

"Nini hizi?" Aliinua boksi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. "Binti wa Orville Hegstad anakwenda kununua risasi! Mtoto wa mwokaji anaomba mkate kwa jirani!"

"Baba, sikutaka kukuongezea kazi."

"Kazi gani? Nina kazi gani nyingine mimi sasa?"

Mama yake Renae alifariki Novemba, na tangu hapo kazi pekee iliyomwamsha mzee asubuhi ilikuwa ile ya chumba cha nyuma. Kwa miaka arobaini watu wa mji mdogo wa Brackett walikuwa wakimletea maganda matupu waliyoyaokota chini baada ya kulenga shabaha, wakiyatia katika makopo ya plastiki ya siagi. Yeye aliyasafisha, akayatia fataki mpya za kuwashia baruti, akapima baruti, akakandamiza kichwa kipya cha risasi juu yake kwa mashine ya mkono. Kopo lilirudi kwa mwenyewe likiwa limejaa, na juu yake utepe wa karatasi wenye jina na namba ya bunduki, yaani ukubwa wa risasi zake. Malipo yake yalikuwa pai, au paja la mwanakondoo, au kusaidiwa kuvuta sengenge. Mama, Bernadine, aliketi upande wa pili wa meza ile, miwani puani, akiandika tepe na kuzifuta risasi kwa kitambaa. Sasa kiti chake kilikuwa kitupu, na mzee alifanya kazi maradufu. Renae alilala akisikia mashine kupitia ukutani, kra-tak, kra-tak, akamshukuru Mungu kwamba baba yake ana kitu cha kushika.

Kufikia Jumamosi kopo lake lilikuwa tayari. Risasi mia mbili. Utepe uliandikwa RENAE 223 kwa mwandiko wa baba, mkubwa na uliopinda.

Uwanja wa shabaha wa Brackett ulikuwa nyuma ya kilima, na asubuhi hiyo upepo ulipuliza kama kawaida yake, theluji ya mwisho ikiwa bado imelala mitaroni. Ardis Rokke, dereva wa basi la shule, ndiye aliyekuwa na zamu ya kusimamia mstari. Ardis aliwaamuru wapigaji kama anavyowaamuru watoto wa darasa la tatu.

"Miwani usoni! Vizibo masikioni! Dwight, hata wewe, kichwa chako si cha mawe, ingawa kinafanana."

Dwight Sorley, jirani yao wa shamba la pili, alicheka akavaa miwani. Bunduki yake ilikuwa sura moja kabisa na ya Renae, ila mtutu wake ulikuwa mpana zaidi, wa namba 300.

"Nimesikia unaanza na za Milo," alimtania Renae. "Unamtesa mzee kwa makusudi?"

"Mwache," Mzee Orville alisema. "Azijaribu. Atatubu mwenyewe."

Renae alianza na zile za chuma. Ya saba ikakwama, ganda likakataa kutoka. Akalitoa. Ya kumi na tatu ikakwama tena.

"Moja!" mzee alihesabu kwa furaha. "Mbili! Mwanangu, mbweha atakusubiri ulitoe hilo ganda? Atakuletea na kahawa?"

Watu wakacheka. Zile za shaba hazikukwama hata moja, lakini Renae alipofikiria kwamba kila mlio ulikuwa karibu dola nzima, bega lilimuuma zaidi kuliko lilivyopigwa. Alipomaliza aliivuta magazini, kile kisanduku cha risasi, akaitikisa, akaingiza kidole ndani. Tupu. Chemba pia, pale risasi inapolala kabla ya kupigwa, aliitazama, tupu. Ardis akapita akatazama naye, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

"Haya, nipe," baba yake alisema. "Nakujazia mwenyewe."

Alifungua kopo, akachota risasi kwa kiganja, akazisukuma moja moja ndani ya magazini huku akizungumza na Dwight bila kuangalia vidole vyake. Vidole vile vilikuwa vimefanya kazi hiyo tangu kabla Renae hajazaliwa.

"Hawa vijana wanashangaa," alisema. "Nachukua ganda la 223, lile lile, nalikata shingo, nalitia kichwa kinene, tayari limekuwa la 300 la Dwight. Dukani wanamtoza dola na nusu. Kwangu ananipa pai ya mabua machachu ya rubabi, tena mbaya."

"Mke wangu atasikia hiyo," Dwight alisema.

"Mwambie aongeze sukari."

Renae akapiga. Kumi za kwanza ziliingia kwenye karatasi mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kikombe. Ardis akapiga mluzi. Mzee Orville alisimama tu mikono nyuma, kidevu juu, na Renae aliona kwamba hajasimama hivyo tangu mazishi. Akajaziwa magazini nyingine. Akapiga nane. Akavuta ya tisa.

Mlio ule haukuwa wa bunduki. Ulikuwa kama lango la chuma limeangukiwa na lori. Kitu kikampiga shavuni, kingine mkononi, na moshi wa moto ukamjaa puani. Alipotambua kwamba bado amesimama, mikono yake ilikuwa mitupu mbele yake, imeshika hewa. Bunduki ilikuwa chini. Ubavu wa bunduki ulikuwa umefunguka kama kopo la samaki, na magazini ilikuwa imerushwa, imepasuka, risasi zimetapakaa kwenye changarawe.

"Acheni kupiga!" Ardis alikuwa akipaza sauti mahali fulani mbali sana. "Silaha chini! Wote!"

Kisha uso wa baba yake. Alimshika kichwa, akamgeuza huku na huku, akamvua miwani iliyopata ufa, akamtazama jicho moja, akamtazama la pili. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu lakini masikio ya Renae yalivuma tu.

"Unaniona? Renae. Unaniona?"

"Nakuona, Baba."

Shavu lilichanika kidogo. Kifundo cha mkono kilikuwa na jeraha la urefu wa kidole gumba. Ni hayo tu. Ardis aliyafunga kwa bandeji ya basi la shule, akirudia, "Vidole vyote vipo. Vyote kumi. Mungu wangu, vyote kumi."

"Ni zile za chuma!" Dwight alisema. "Ilibaki moja ndani. Takataka za ng'ambo hizo!"

"Ilibaki moja," Mzee Orville alisema. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. "Lazima ilibaki moja."

"Lakini niliitazama," Renae alisema. "Ilikuwa tupu."

Alisema kwa sauti yake ile ndogo, na hakuna aliyemsikia, au waliosikia walimhurumia. Ardis peke yake aligeuka, akaitazama bunduki iliyopasuka.

Nyumbani, mzee aliingia moja kwa moja kwenye simu ya chumba cha mbele kumpigia Milo. Renae alimsikia akifoka kupitia mlangoni. Yeye alibaki jikoni na kopo lake la siagi. Hakujua anatafuta nini. Alitaka tu mikono yake iwe na jambo la kufanya. Akamwaga risasi juu ya meza, akaanza kuzisimamisha moja moja, mistari ya kumi kumi, kama alivyokuwa akicheza nazo utotoni mama akimkataza.

Mstari wa sita ulikuwa na kasoro. Akainama. Risasi moja ilikuwa na bega la chini kuliko wenzake na kichwa kinene, kama mtu aliyevaa kofia ya mtu mwingine. Akaigeuza. Chini ya ganda paliandikwa 223, sawasawa na nyingine zote, maana chapa ya kiwandani haiondoki shingo ikikatwa. Lakini haikuwa yake. Ilikuwa ya Dwight. Katika mstari wa kumi na mbili akapata ya pili.

Renae aliketi. Kichwa kinene kama kile, katika mtutu mwembamba kama wake, hakina pa kupita. Kila kitu kinarudi nyuma, kwenye uso wa aliyeshika.

Akasema moyoni, labda naona vibaya. Labda mshtuko. Akaenda kwenye droo ya cherehani ya mama kutafuta lenzi yake ya kusomea. Lenzi ilikuwepo. Nyuma yake, imezungushiwa kitambaa cha vyombo, palikuwa na chupa ya achari iliyojaa risasi.

Alidhani ni akiba iliyosahauliwa. Kisha akaona kwamba kila risasi imefungwa kwa uzi, na katika kila uzi kipande cha karatasi, mwandiko mdogo wa mama uliolala upande mmoja. Akakunjua kimoja. *Kopo la Lyle. Haina baruti.* Kingine. *Kopo la Ardis. Fataki imegeuzwa.* Kingine. *Kopo la mchungaji. Baruti mara mbili.* Kila karatasi ilikuwa na mwezi na mwaka. Ya zamani zaidi ilikuwa ya miaka sita nyuma. Ya mwisho iliandikwa Oktoba, majuma matatu kabla ya mama kulazwa, na mwandiko wake ulikuwa umechoka: *Ya Dwight ndani ya kopo la Lyle.*

Miaka sita. Mama na kitambaa chake, mama na miwani yake, akifuta vumbi kwenye risasi ambazo hazikuwa na vumbi lolote.

Kwa muda Renae aliishika chupa ile mapajani, na wazo likamjia, tamu na baya. Angeweza kuirudisha. Jumatatu angeketi kwenye kile kiti, angesema, Baba, niruhusu nikuandikie tepe. Mzee angefurahi mpaka kulia. Lawama ingebaki kwa wale wa ng'ambo, ambao hakuna anayewajua, na baba yake angeendelea kusimama mikono nyuma, kidevu juu. Hakuna ambaye angejua kamwe.

Lakini tangu Novemba hakuna aliyekaa pale. Miezi mitano ya makopo ilikuwa imetoka katika nyumba hii.

Renae aliificha chupa chini ya kiti, na mzee akaingia jikoni akiwa bado na hasira. "Nimemwambia azitoe rafuni leo leo. Na asipozitoa nitakwenda mwenyewe nikazitupe mtoni. Mkono unauma?"

"Keti, Baba."

"Tukupeleke kwa daktari?"

"Keti kwanza."

Aliketi. Renae alizisukuma zile mbili mbele yake, na kando yake akaweka moja ya kwake halisi. Mzee alizichukua, akazisugua kwa vidole gumba, na Renae aliona vidole vikielewa kabla ya macho.

"Dwight," mzee alisema polepole. "Dwight amemwaga zake pale mezani. Zikachanganyika."

"Kopo lilikuwa mikononi mwako mpaka ulipolifungua."

"Basi kuna mtu amechezea chumba changu!"

"Baba."

"Miaka arobaini, Renae!" Alipiga meza, na mistari yote ya risasi ikaanguka kwa pamoja. "Miaka arobaini! Nitajie mtu mmoja niliyemdhuru! Mmoja! Nitajie!"

Alipokuwa mtoto, sauti hiyo ilimfanya akimbilie zizini. Sasa hakukimbia. Aliinama, akaitoa chupa chini ya kiti, akaiweka kati yao.

Mzee Orville aliujua mwandiko kabla hajausoma. Renae aliliona hilo, na aliona pia dakika ile aliyotaka kutousoma. Kisha akakunjua karatasi ya kwanza. Ya pili. Akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu. Ya tatu. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya barafu.

"Alisema anazifuta vumbi," alisema mwishowe.

"Najua."

"Kila jioni. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia, Bernadine, unafuta risasi kama sahani za wageni." Akakunjua nyingine. "Baruti mara mbili. Kwa mchungaji. Yesu wangu. Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje, Baba?"

"Kama ulivyoniambia wewe," alisema kwa ukali, kisha ukali ukamtoka wote, akabaki mzee tu kwenye kiti. "Nimekupasulia bunduki usoni. Mwanangu. Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu nilikujazia."

Renae alimshika mkono kwa ule wake usiofungwa. Halafu akajilazimisha kusema lililobaki, kwa kuwa lilikuwa haliwezi kungoja.

"Makopo mangapi yametoka tangu Novemba?"

Mzee alinyanyuka kwa kasi iliyomshtua. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kumi na manne," alisema. "Niletee daftari la simu."

"Nitapiga mimi. Wewe pumzika." Renae aliogopa simu kuliko mbweha, lakini alisema hivyo na alimaanisha.

"Hapana. Mimi ndiye niliyewaambia hazina neno. Watanisikia mimi."

Akaanza, kwa simu ya ukutani pale jikoni, Renae akisikiliza kando. Ardis hakushangaa. "Nililifungia kopo lako kwenye buti la gari tangu asubuhi, nisilitumie, Orville," alisema. "Niliitazama ile chemba kwa macho yangu, ilikuwa tupu. Sikujua nitakuambiaje." Dwight alidhani ni mzaha, akaomba radhi kwa niaba ya pai, kisha akaahidi kutopiga hata moja. Mchungaji alisema ataleta kopo saa hiyo hiyo. Kila mara mzee alitumia maneno yale yale, nimekosea, usipige hata moja, na kila mara yalionekana kumtoka kwa shida zaidi kuliko mara ya kwanza. Renae aliandika alama kwenye daftari, jina kwa jina.

Wa tano alikuwa Lyle Kinsey, ambaye bunduki yake ilikuwa ya namba ile ile ya 223 kama ya Renae. Mkewe, Patty, ndiye aliyepokea.

"Oho, Mzee Orville! Tumesikia yaliyompata Renae. Hajambo? Lyle amekasirika kweli. Ameapa hatanunua tena zile za chuma, amesema ni zako tu. Yuko nyuma huko kwenye shimo la changarawe na kopo lako sasa hivi, anajaribu."

Katika simu, nyuma ya sauti yake, mlio ulisikika. Pa. Na mwingine.

"Mzuie!" mzee alipiga kelele. "Patty, mzuie! Mwambie aache! Mbaya zimo, nimekosea, mbaya zimo!"

"Hanisikii kutoka hapa, ana vizibo masikioni—"

"Honi!" Renae alisema, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe ikijaza jikoni. "Patty, endesha pikapu mpaka akuone! Piga honi!"

Simu ya upande ule ilianguka ikaning'inia, ikigonga ukuta. Walisikia mlango. Walisikia injini ikikataa, ikakataa, ikawaka. Pa. Mzee alikuwa amefumba macho. Pa. Mkono wake ulikuwa umemshika Renae palepale kwenye jeraha, na Renae hakuutoa. Honi ilianza, ndefu, bila kukatika, ikienda mbali na simu, ikienda mbali zaidi. Pa. Halafu honi peke yake.

Halafu hakuna kitu.

Walingoja. Upepo ulitikisa dirisha la jikoni. Mwishowe nyayo zilisikika zikiingia kwa haraka, kiti kikaburutwa, na simu ikaokotwa.

"Mzee?" Alikuwa Lyle, akihema. "Mzee Orville, kuna nini? Patty karibu anigonge na pikapu. Kuna nini?"

Mzee Orville aliishika simu kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye mikunjo ya kidevu wala hakuyafuta.

"Iweke chini, Lyle," alisema. "Nimekosea mimi. Zihesabu zilizobaki, unipe hesabu yake, nami nitakuja kuzichukua mwenyewe."